Mafuriko mijini: Tuyakinge maji, tusiisingizie mvua

Kila msimu wa masika unapowadia, sentensi zetu huwa zile zile. Mto umefurika. Barabara imekatika. Nyumba zimebomoka. Mtaro umezibika. Redioni, magazetini na hata katika majilisi ya walimu wakati wa chai ya saa nne, hivyo ndivyo tunavyosimuliana msiba. Mimi niliyeifanya sarufi kuwa riziki yangu nimekuwa nikizisikiliza sentensi hizo kwa wasiwasi unaozidi mwaka hadi mwaka.

Walimu wa Kiswahili wanaosoma makala haya wamekwisha kung'amua ninakoelekea. Kitenzi kilicho katika kauli ya kutendeka hakimtaji mtenda, wala hakimpi nafasi ya kutajwa. Mtoto akimwambia mamaye kwamba kikombe kimevunjika, katika sentensi ile hamna mtoto wala hamna mkono. Kikombe ni kama kimejivunjia chenyewe pale mezani. Mama aliye macho humwuliza: "Kimevunjika au kimevunjwa?" Swali hilo dogo la jikoni ndilo ninalotaka tuliulize juu ya mafuriko ya miji yetu.

Katika masika ya 2024, kati ya Machi na Mei, mafuriko yaliwaua karibu watu 300 katika nchi hii na kuwatoa wengine maelfu kwa maelfu makwao. Mnamo 24 Aprili wakazi wa Mathare jijini Nairobi walilazimika kupanda juu ya mapaa ya mabati ili kuyanusuru maisha yao. Shule zilizopaswa kufunguliwa 29 Aprili hazikufunguliwa hadi 13 Mei, kwa kuwa baadhi ya madarasa yalikuwa yamejaa maji na mengine yamejaa watu waliokimbia maji. Muhula ulifupishwa, silabasi ikakimbizwa, na watoto waliopoteza vitabu na sare wakatakiwa kushindana na wenzao ambao hawakupoteza chochote. Msomaji mpenzi, haya hayakuwa mambo ya kusikia kwa mbali. Yalitufika.

Sikatai kwamba mvua ilikuwa nyingi. Wataalamu wa hali ya hewa wanatueleza kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke huo hatimaye hurudi chini, na mara nyingi hurudi kwa kishindo. Hata hivyo, mvua ni jambo moja na mafuriko ni jambo jingine. Mvua hunyesha yenyewe. Mafuriko ya mjini, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa, na vyombo vya kuyatengenezea ni paa, lami, saruji na kalamu inayoidhinisha ramani za majengo.

Hebu tulifuate tone moja la mvua. Likiangukia msituni, hupokelewa kwanza na majani, kisha na takataka za majani zilizotanda chini, kisha na udongo uliotobolewatobolewa na mizizi na minyoo. Kwa makadirio yanayotumiwa sana nchini Marekani, kati ya mvua inayonyesha juu ya ardhi yenye mimea yake ya asili, asilimia 10 tu hutiririka juu ya ardhi. Takriban asilimia 40 hurudi hewani na asilimia 50 huzama ardhini. Lakini pale ambapo sehemu kubwa ya ardhi imefunikwa kwa majengo na barabara, asilimia 55 hutiririka, na inayozama hushuka hadi asilimia 15 hivi. Mvua ni ile ile, ardhi ni ile ile, ila sasa maji yanayokwenda mbio mtoni ni zaidi ya mara tano ya yale ya kwanza. Isitoshe, yote hufika mtoni kwa pamoja, kwa sababu bati na lami havina subira ya udongo. Mto ulioumbwa upokee kidogo kidogo kwa siku kadhaa hubugizwa kila kitu kwa saa moja. Hapo ndipo tunaposema umefurika.

Sasa tulitazame jiji letu kuu. Jina la Nairobi lilitokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na reli ilipofika hapo mnamo 1899 ilikuta kinamasi. Mito yake mikuu mitatu, yaani Nairobi, Mathare na Ngong, yote hutoka upande wa magharibi ulioinuka na kuteremka kuelekea mashariki kwenye tambarare. Maumbile yalikuwa yamegawa kazi kwa busara. Magharibi kuna udongo mwekundu wenye kina kirefu, unaokunywa maji kwa wepesi. Mashariki kuna ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonasa viatu, ambao ukilowa huvimba na kujifunga, na maji yakifika hapo husimama juu yake kama yaliyo kwenye sahani. Kwa hivyo kazi ya kunywa ilikuwa ya magharibi, na mashariki ilipokea yale mabaki tu.

Sisi tumeipindua hesabu hiyo. Katika mitaa ya juu kama vile Kilimani, Kileleshwa na Lavington, nyumba ya ghorofa moja iliyokuwa imezungukwa na bustani huvunjwa, na mahali pake huinuliwa jumba la ghorofa kumi au kumi na tano. Chini yake huwekwa egesho la magari na pembeni hutandazwa kabro kutoka ukuta hadi ukuta. Ploti iliyokuwa ikinywa mvua sasa inaitema. Inamtemea nani? Inaitemea barabara, barabara huutemea mtaro, mtaro huutemea mto, na mto huwatemea watu wa Mathare, wa Mukuru na wa South C, ambao hawakualikwa kwenye kikao kilichoidhinisha ramani ya jumba lile.

Ningekuwa mnafiki kama ningenyoosha kidole magharibi tu. Miaka michache iliyopita nami nilichoshwa na tope la uani kwangu. Nikaita mafundi, wakang'oa nyasi, wakashindilia kifusi, wakatandaza kabro safi iliyokazana, yenye mwinuko mdogo wa kuyapeleka maji nje ya lango. Niliifurahia kazi ile. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, uani kwangu palikuwa pakavu baada ya dakika kumi. Kesho yake asubuhi jirani yangu, mama wa makamo ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya yangu, alibisha langoni. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Mwalimu, maji yako yamelala kwangu." Nilikwenda nikaona. Godoro la wajukuu wake lilikuwa limeanikwa juu ya ua, na madaftari yao yalikuwa yametandazwa juani, wino umechuruzika usisomeke.

Nilirudi nyumbani nikiyawaza maneno yale mawili: maji yako. Katika mihadhara yangu nimefundisha vimilikishi kwa miaka mingi, lakini sijapata kuona kimilikishi kilichokuwa na haki ya kusimama pale kiliposimama kama kile. Mimi nilidhani mvua ni ya Mungu na maji ni ya mtaro. Yule mama aliona kwamba maji yaliyogusa paa langu na kabro yangu yalikuwa yamekwisha kupata mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Nadhani hata mwanasheria angepata taabu kuipinga hoja yake.

Humo ndimo ulimo msimamo wangu katika makala haya. Maji ya mvua yaliyoangukia ploti ya mtu ni jukumu la mtu huyo kabla ya kuwa tatizo la mtaro, la mto au la jirani aliye chini. Ukiwa na haki ya kujenga, una wajibu wa kuyatunza maji ambayo jengo lako limeyazuia yasizame. Endapo miji yetu itaikubali kanuni hiyo, itakuwa imefika nusu ya safari.

Kwa miaka mingi tumeishika kanuni iliyo kinyume kabisa, kwamba maji ya mvua ni uchafu wa kuondolewa haraka iwezekanavyo. Kila baada ya maafa, sauti hupazwa kudai mitaro mipana zaidi. Mitaro ni ya lazima, na iliyopo haizibuliwi ipasavyo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mnamo Agosti 2017, lakini chupa na takataka nyingine zingali zinaijaza. Hata hivyo, mtaro mpana usioambatana na kitu kingine huyahamisha tu mafuriko. Unayatoa katika mitaa ya juu upesi zaidi, na kuyafikisha katika mitaa ya chini upesi zaidi. Tena popote maji yanapobanwa na kazi ya mikono yetu wenyewe, huja siku yakajitafutia njia. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, wimbi la maji na matope liliua watu zaidi ya 50. Wizara ya maji ilieleza kwamba njia ya maji iliyopita chini ya reli ilikuwa imezibwa na vifusi, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakapasua. Wasomaji watambue kwamba nimeandika imezibwa, sikuandika imezibika.

Ajabu ya mambo ni kwamba jiji hili hili linalozama ndilo linalolia kiu. Tangu mwanzoni mwa 2017 wakazi wa Nairobi wamezoea ratiba ya mgao wa maji. Mnamo 2018 mitaa ilifurika ilhali mgao ungali unaendelea, na akina mama walipita na madebe wakitafuta maji ya kununua kando ya barabara zilizogeuka mito. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka mbali, hasa katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mnamo 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Mvua inayonyesha Embakasi haijazi bwawa la Murang'a. Basi tunatandaza mabomba ya makumi ya kilomita kuyaleta maji mjini, na wakati huo huo tunachimba mitaro ya kuyafukuza yale yaliyojileta yenyewe bila nauli.

Kwa walimu na wanafunzi, hesabu hii yaweza kufanywa darasani kwa chaki. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Chukua jengo la madarasa lenye paa la urefu wa mita 20 na upana wa mita 8. Eneo lake ni mita 160 za mraba. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha alasiri moja, paa hilo hupokea lita 8,000. Shule yenye majengo manane ya namna hiyo hupokea lita 64,000, ambazo ni zaidi ya shehena ya malori sita ya lita 10,000 kila moja. Nairobi hupata mvua ipatayo milimita 900 kwa mwaka, na mara nyingine zaidi. Hata tukitoa asilimia 20 kwa yale yanayorukia pembeni au kukauka juu ya bati, jengo moja tu linaweza kukinga lita 115,200 kwa mwaka. Ni shule ngapi ambazo watoto wake hutumwa kuja na maji katika vibuyu vya plastiki, huku maji hayo yote yakichimba makorongo katika uwanja wa mpira?

Nimetumia kitenzi kukinga kwa makusudi. Lugha yetu haikuyaona maji ya mvua kuwa taka. Kukinga ni kuweka chombo chini ya mchirizi ili kupokea kinachodondoka, na kukinga ni pia kuzuia madhara yasimfikie mtu. Maana hizo mbili zinaishi katika kitenzi kimoja, na waliokuwa wakikitumia hawakuona haja ya kuzitenganisha. Huko Lamu Mashariki, ambako visima vingi vina chumvi, watu hujenga jabia, yaani hodhi kubwa la kuhifadhia maji ya mvua, na huishi kwayo miezi ya kiangazi. Katika magofu ya Gede, msikiti mkuu una kisima na birika lake. Hata Wareno waliojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwishoni mwa karne ya 16 walijua kwamba ngome isiyokinga maji ya mvua itashindwa na kiu kabla ya kushindwa na adui, wakajenga hodhi ndani ya kuta zake. Miji ya mwambao ilikuwa na adabu ya maji ambayo miji ya lami imeisahau.

Je, tufanye nini basi? Wataalamu wa mipango ya miji wanakubaliana juu ya njia kadhaa zisizohitaji miujiza. Ya kwanza ni tangi chini ya kila paa. Ya pili ni shimo la kufyonza, yaani shimo lililojazwa mawe na kokoto ambamo maji ya paani huingizwa yakazama taratibu, mradi liwe mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo. Ya tatu ni kutandaza kabro yenye nafasi zinazoota nyasi, mahali pa ile iliyokazana. Ya nne ni kando ya barabara, ambako mfereji wa saruji unaweza kuachia nafasi bonde dogo lenye nyasi na miti, linalopunguza mwendo wa maji na kuchuja uchafu wake. Ya tano ni viwanja vya michezo na bustani za umma zilizoshushwa kidogo, ambazo siku ya mvua kubwa hugeuka mabwawa ya muda, na siku mbili baadaye vijana wanarudi kucheza. Ya mwisho, na iliyo kubwa kuliko zote, ni kuviacha vinamasi, misitu na kingo za mito zifanye kazi zake. Msitu wa Karura, alioutetea marehemu Profesa Wangari Maathai pamoja na wenzake, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu, mnamo 1998 na 1999, si mahali pa kupunga hewa tu. Kila masika unakunywa maji ambayo yangekuwa njiani kuelekea kwa watu walio chini.

Siandiki kwamba njia hizi ni dawa ya kila kitu. Kuna pingamizi tatu zinazostahili majibu. Ya kwanza ni kwamba mvua ikizidi kipimo, hakuna udongo utakaoimeza. Ni kweli. China ilichagua miji 16 mnamo 2015 na mingine baadaye, ili kuigeuza iwe ya kunyonya maji kama sifongo. Zhengzhou nao ulikuwa ukifuata mpango wa namna hiyo. Mnamo 20 Julai 2021 mji huo ulipata milimita 201.9 kwa saa moja tu, na watu wengi wakafa, wengine ndani ya treni za chini ya ardhi. Funzo ni kwamba sifongo haiondoi haja ya mitaro mikubwa, ya tahadhari za mapema na ya kuwahamisha watu kwa wakati. Lakini mvua nyingi zinazotutesa sisi haziko karibu na kipimo kile. Mara nyingi mitaa yetu huzama kwa mvua ambayo bustani ya kawaida ingeimeza bila jasho.

Pingamizi ya pili ni kwamba tangi lililojaa halikingi kitu. Hilo nalo ni kweli, na wengi hawalifikirii. Tangi likiwa pomoni wakati mvua mpya inapoanza, maji yote humwagika nje kana kwamba halipo. Kwa hiyo maji yaliyokingwa yatumiwe: yafue, yasafishe vyoo, yanyweshe bustani. Pia katika miezi ya mvua sehemu ya tangi iachwe tupu kwa makusudi. Tena matangi yafunikwe yasizae mbu, na maji ya kwanza yanayoosha vumbi la paa yamwagwe pembeni. Haya ni matunzo, na matunzo ndiyo yanayotushinda. Jimbo la Tamil Nadu nchini India lililazimisha kwa sheria mnamo 2003 kila jengo liwe na njia ya kukinga maji ya mvua. Hata hivyo, mji wake mkuu, Chennai, ulifurika vibaya mnamo Desemba 2015, na kufikia Juni 2019 mabwawa yake makuu yalikuwa yamekauka. Sababu zilikuwa nyingi, lakini miongoni mwake ni mifumo iliyojengwa ili kupitisha ukaguzi kisha ikaachwa ijae mchanga, na vinamasi vilivyojengewa majumba. Sheria bila ufagio haizibui kitu.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: maskini hana paa kubwa wala nafasi ya tangi. Hapo nakubali bila masharti, na ndiyo sababu nasema mzigo lazima uanzie juu. Mnamo Mei 2024, baada ya maafa, serikali iliamuru watu waondoke kandokando ya mito. Matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja za kuanzia maisha kwingine. Siwezi kumshauri mtu yeyote alale ukingoni mwa mto unaoua, na mto unahitaji nafasi yake. Lakini tuitazame haki ya jambo lenyewe. Aliyejenga kibanda cha bati mita kumi kutoka mtoni amebomolewa. Je, yule aliyefunika ekari nzima kwa saruji kilomita kumi juu, na ambaye maji yake ndiyo yaliyokivamia kibanda kile, ameulizwa nini? Hajaulizwa lolote, kwa kuwa sentensi yetu ilisema mto umefurika, na mto hauwezi kushtakiwa.

Sheria ya kuanzia tunayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi serikali ya kaunti, miongoni mwa kazi zake, mifumo ya kusimamia maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa. Sikuyabuni maneno hayo. Yamo, na kila mwanafunzi wa uraia anaweza kuyatafuta. Basi mabunge ya kaunti yana uwezo wa kutunga kanuni mbili nyepesi. Kwanza, jengo jipya lisiidhinishwe mpaka mwenyewe aonyeshe jinsi atakavyoyaweka katika ploti yake maji ya mvua ya kawaida, kwa tangi, kwa shimo la kufyonza au kwa ardhi iliyoachwa wazi. Pili, walio na eneo kubwa la paa na sakafu walipe ada kulingana na eneo hilo, na fedha zile zitumike kuzibua mitaro na kuwajengea walio chini nyumba mahali salama. Hilo si ndoto. Katika miji mingi ya Ujerumani mwenye ploti hutozwa ada ya maji ya mvua kwa kipimo cha eneo alilolifunika, na anayelifunua hulipa kidogo. Wale wanaosema kwamba wajenzi watakimbia wajiulize kama wajenzi wa Ujerumani wamekimbia.

Hata hivyo, sitaki tuketi tukingoje bunge la kaunti. Shule na vyuo vyetu vina mapaa makubwa kuliko nyumba nyingi za mitaa tunamoishi, na vina watu waliojaa akili na mikono. Mwalimu wa hisabati awape wanafunzi futi kamba wapime mapaa. Wa jiografia awatoe nje mvua ikinyesha, wafuate maji yanakotoka na yanakokwenda, wachore ramani. Wa uraia awasomee Jedwali la Nne. Mwalimu wa Kiswahili naye awape zoezi hili: andika upya taarifa ya habari ya mafuriko, na kila penye kitenzi cha kutendeka uweke cha kutendwa, kisha umtaje mtenda. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi hilo. Mtaro umezibika ukawa mtaro umezibwa, kisha ukaja ukimya mrefu walipofika kwenye neno na. Umezibwa na nani? Mmoja wao aliandika: na sisi.

Kwangu nyumbani niling'oa theluthi ya kabro ile, nikachimba shimo la kufyonza na kuweka tangi la lita 5,000. Gharama ilinikera, nakiri, hasa kwa kuwa nililipa mara mbili, kwanza kuifunika ardhi na kisha kuifunua. Masika yaliyofuata, baada ya mvua ya usiku kucha, niliteremka hadi kwa jirani yangu kabla ya kwenda kazini. Nilimkuta akifagia majani ya mwembe mlangoni, wajukuu wamekwenda shule. Nikamwuliza kama maji yangu yalifika. Akainua macho, akasema: "Machache, Mwalimu. Lakini hata hayo machache ni yako."